Kidole Gumba Kimesema Nini?

Mwezi Machi 2021, mnunuzi wa nafaka wa kampuni ya South West Terminal katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, alitia saini mkataba wa kununua tani 86 za mbegu za kitani, akaupiga picha kwa simu na kumtumia mkulima mmoja akimwomba athibitishe. Mkulima alijibu kwa alama moja tu: kidole gumba kilichoinuliwa. Novemba ilipofika, mbegu hazikupelekwa. Bei ya soko ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili, na kampuni ikaenda mahakamani. Mkulima alijitetea kwamba kidole kile kilimaanisha "nimeupata ujumbe", hakuna zaidi. Jaji T. J. Keene, katika hukumu yake ya mwaka 2023, hakukubali. Aliona kwamba mikataba ya nyuma kati ya watu hao wawili ilithibitishwa kwa majibu mafupi ya aina ya "sawa" na "ndiyo", na mzigo ukafika. Akaamua kwamba safari hii kidole ndicho kilichokuwa saini. Mkulima akaamriwa kulipa fidia ya zaidi ya dola 82,000 za Kanada, na Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo ikaiacha hukumu isimame.

Naona jaji alikuwa sahihi, na usahihi wake umo katika njia aliyoipita. Hakukitazama kidole peke yake. Aliwatazama watu wawili, jinsi walivyozoea kufanya biashara, na uzito ambao neno fupi lilikuwa likibeba kati yao. Bila historia hiyo, kidole kisingemwambia kitu ambacho angeweza kukisimamia. Hivyo ndivyo vilivyo vitufe vyote tunavyobonyeza chini ya maneno na picha za wenzetu: laiki, kopa jekundu, uso wa kucheka, uso wa huzuni, uso wa hasira. Maana yake hutoka kwa aliyebonyeza, aliyebonyezewa na jambo lililo kati yao. Mitandao yenyewe haiyaoni hayo. Inahesabu mibonyezo, kisha inaamua kwa hesabu hiyo nani aone nini. Katika pengo hilo, kati ya anachokusudia mtu na kinachosomwa na mashine, ndimo yanamozaliwa madhara ambayo mengine ni makubwa kuliko hasara ya mkulima yule.

Mahakama za nchi nyingine nazo zimelazimika kuuliza swali hilo hilo la maana ya mbonyezo. Katika mji wa Hampton, jimbo la Virginia, Marekani, naibu mmoja wa mkuu wa polisi wa kuchaguliwa alilaiki ukurasa wa Facebook wa mgombea aliyekuwa akishindana na bosi wake. Bosi alishinda, na naibu akapoteza kazi. Mwaka 2012 mahakama ya kwanza ilisema laiki si maneno ya kutosha kulindwa na katiba. Mwaka 2013 mahakama ya rufani iligeuza uamuzi huo: kubonyeza laiki kwenye ukurasa wa mgombea ni sawa na kusimika bango lake la kampeni mbele ya nyumba yako. Zurich, Uswisi, mwaka 2017, mtu alitozwa faini kwa kulaiki maoni yaliyomkashifu mwenzake, kwa hoja kwamba alikuwa ameyaunga mkono na kuyasambaza. Mmoja alilindwa na laiki yake na mwingine akaadhibiwa kwa yake, lakini mahakama zote mbili, ile ya rufani na ile ya Zurich, zilikubaliana kwamba kubonyeza ni kuunga mkono.

Watumiaji wenyewe hawasemi hivyo. Mwaka 2016 watafiti Rebecca Hayes, Caleb Carr na Donghee Yvette Wohn walichapisha uchunguzi juu ya watu wanaotumia mitandao mitano tofauti, wakiwauliza wanamaanisha nini wanapobonyeza. Jibu la msingi lilikuwa kwamba mbonyezo mmoja una maana nyingi. Wapo wanaobonyeza kwa sababu wamependa kweli. Wapo wanaotaka tu mwenzao ajue kwamba wameona. Wapo wanaobonyeza chochote anachoweka rafiki fulani, hata bila kukisoma, kwa kuwa ni rafiki. Kila anayetumia simu anajijua katika hayo. Mtu hulaiki picha ya binamu yake kwa sababu ni binamu. Hulaiki posti ya bosi kwa sababu wenzake wote wamelaiki. Hulaiki ya aliyemlaiki jana, kulipa deni.

Tukirudi ilikotoka laiki tutaona jambo linalotuhusu sisi kwa karibu. Facebook ilikizindua kitufe hicho Februari 9, 2009, baada ya mabishano ya ndani yaliyoanza mwaka 2007. Leah Pearlman na Justin Rosenstein walikuwa miongoni mwa waliokipigania, na kwa muda kiliitwa kitufe cha "awesome", yaani "safi sana". Tatizo walilotaka kuliondoa lilikuwa hili: mtu akitangaza kwamba amechumbiwa au amepata mtoto, chini ya tangazo lake yanajipanga maoni kumi, ishirini, hamsini, yote yakisema pongezi ile ile. Kwa macho ya mhandisi, hayo ni marudio yanayochukua nafasi na kufunika maoni yenye jambo jipya. Basi hongera zote zikusanywe ziwe namba moja. Mark Zuckerberg hakushawishika upesi, maana palikuwa na hofu kwamba kitufe kitaua mazungumzo. Majaribio yakaonyesha kwamba posti zenye kitufe zilipata maoni mengi zaidi, na njia ikafunguka.

Kwa mhandisi wa California mantiki hiyo imenyooka. Lakini mtazame mtu wa Tanga, Lamu, Bukoba au Bujumbura anavyopongeza au kutoa pole. Hongera ya hamsini ina kazi kamili, sawa na ya kwanza. Haikuja kuleta habari. Imekuja kusema kwamba na mimi nipo, jina langu lihesabiwe miongoni mwa waliofika. Kwenye msiba hakuna anayekaa nyumbani kwa sababu pole imeshatolewa na jirani. Kila mmoja huingia, humshika mkono mfiwa, na husema maneno yale yale aliyoyasema aliyetangulia. Ndiyo maana grupu la WhatsApp la ukoo linaweza kujaa "Poleni sana", "Mungu awape subira", "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" mara mia na zaidi, na hakuna anayehisi kwamba imezidi. Marudio ndiyo mahudhurio. Kitufe kilichobuniwa kufuta marudio, kikiingia katika jamii ya namna hii, kinagusa kitu ambacho wabunifu wake hawakukifikiria.

Kwetu kiliingia kwa nguvu Mei 2022, WhatsApp ilipoleta vitufe vya kuitikia. Mwanzoni vilikuwa sita: kidole gumba, kopa, uso unaocheka hadi machozi, uso wa mshangao, uso wa huzuni na mikono iliyokutanishwa. Miezi miwili baadaye mtumiaji akaruhusiwa kuweka emoji yoyote. Facebook na Instagram ni mitandao ya kutazama. WhatsApp ndipo mahali ambapo familia zetu zinaendesha mambo yake. Humo ndimo michango inachangwa, ndoa zinapangwa, wagonjwa wanatangazwa na wafu wanaagwa.

Chukua kamati ya harusi. Mweka hazina anaweka orodha ya ahadi na malipo. Chini yake vinajipanga vidole gumba. Mmoja anasema: nimeona jina langu limeandikwa sawasawa. Wa pili anasema: hongera kwa kazi nzuri. Wa tatu anasema: nitatoa mwisho wa mwezi. Wa nne ameona wengine wameweka, naye akaweka. Mweka hazina anayetafsiri vidole vyote kuwa ahadi atakwenda kuweka oda ya chakula kwa fedha ambazo hazijaahidiwa na mtu. Tena orodha hizi kila mara hunakiliwa na kupostiwa upya jina jipya linapoongezwa, na vidole vinabaki kwenye orodha ya jana ambayo hakuna anayeifungua tena. Aliyedhani amejibu anaonekana kama hakujibu. Ugomvi wa namna hiyo nimeushuhudia ukifika hadi kikaoni, ndugu wa damu wakinuniana, na kila upande ukiamini umesema kweli.

Msibani jambo ni zito zaidi, na hapa kuna utaratibu wa programu ambao watu wengi hawaujui. Kwenye grupu, ukiitikia ujumbe kwa kitufe, taarifa inakwenda kwa mwandishi wa ujumbe ule peke yake. Sasa fikiria tangazo la kifo linavyotolewa katika familia zetu. Mara nyingi mfiwa mwenyewe haandiki. Anaandika msemaji wa familia, au katibu wa grupu, au mtoto wa mdogo wake marehemu aliyepewa kazi hiyo. Mikono iliyokutanishwa na nyuso za huzuni zinakwenda kulia kwenye simu ya katibu. Mjane, ambaye naye yumo katika grupu lile, hapati chochote. Jioni akishika simu anakuta tangazo lina namba ndogo chini yake, na ili ajue ni nani waliompa pole inabidi aibonyeze namba hiyo na kusoma orodha ya majina. Waliobonyeza wote wana imani kwamba wamempa pole. Kwa uhalisia wamempa katibu.

Utafiti nao unaelekea huko. Mwaka 2016 Moira Burke, mtafiti wa Facebook yenyewe, na Robert Kraut wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watumiaji wapatao 1,900. Maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu, kutoka kwa mtu wake wa karibu, yaliendana na hali njema ya moyo. Mbonyezo mmoja haukuonyesha uhusiano huo. Matokeo haya yametoka kwa watu wenye kila sababu ya kutamani jibu jingine, na kwangu hilo linayaongezea uzito.

Kuna pia suala la heshima, ambalo vijana hulipuuza na wazee hulihisi bila kulitaja. Mama mkubwa anaandika kwenye grupu kwamba babu amelazwa. Mpwa wake aliye Dar es Salaam anaweka uso wa huzuni na kuendelea na kazi. Usiku simu inalia. "Mwanangu, ujumbe wangu hukuuona?" "Shikamoo mama. Niliuona, niliweka alama." "Marahaba. Alama niliiona. Nilikuwa nangoja uniulize babu yako anaendeleaje." Kijana hakukosa upendo. Lakini mtu aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa mdomo, na kungoja kuitikiwa kabla ya kusema shida yake, amemjibu mkubwa huyo kwa ishara ambayo hata rafiki wa rika lake angeipokea kama jibu la haraka. Kitufe hakina daraja la umri. Kinamweka mama mkubwa na mchezaji mwenzako wa mpira mahali pamoja, na kwa lugha kama yetu, ambamo salamu yenyewe inabeba umri na cheo, hiyo ni hasara ya kweli.

Sisemi vitufe vifutwe. Katika grupu la watu mia tatu, tangazo la saa ya maziko likifuatwa na pole mia mbili linazama, na ndugu aliye Muscat au Toronto, anayeamka usiku kutafuta kama atawahi ndege, analipekua grupu kwa uchungu. Kwa tangazo kama hilo kidole gumba ni baraka: kinasema nimepata, na hakimfunikii mwingine habari. Na kwa huyo huyo aliye mbali, mwenye zamu ya usiku, alama aliyoiweka mapumzikoni huenda ndiyo namna pekee aliyokuwa nayo ya kuonekana siku ile. Ninachodai ni kwamba taarifa ya utaratibu na taarifa ya kifo ni vitu viwili, na kitufe kinafaa kwa ya kwanza tu.

Uso wa kucheka umeleta mjadala wa aina yake. Facebook iliuongeza Februari 24, 2016, pamoja na upendo, mshangao, huzuni na hasira. Kulikuwa na alama nyingine iliyojaribiwa, ya shangwe, ikaachwa kwa sababu haikueleweka sawa kila mahali. Uso wa kucheka ulidhaniwa kwamba unaeleweka na kila binadamu. Miaka michache baadaye watu walikuwa wakiuweka chini ya tangazo la kushindwa kwa mtu, chini ya picha ya msichana mnene, chini ya habari ya ajali. Juni 2021 mhubiri maarufu wa Bangladesh, Sheikh Ahmadullah, mwenye wafuasi mamilioni, alitoa fatwa kwenye video. Alisema kicheko cha kufurahia kichekesho, ambacho mwenyewe aliyekiweka alikusudia watu wacheke, hakina ubaya. Kicheko cha kumkejeli mtu ni haramu. Wapo waliomcheka kwa kitufe kile kile. Mimi naona alisema jambo ambalo wahandisi hawakuwahi kulisema: hukumu ya alama imo katika nia ya aliyeiweka. Waislamu wa pwani yetu, waliofundishwa tangu madrasa kwamba amali huhesabiwa kwa nia, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mashine haina njia ya kuijua nia, na kwa hiyo haina njia ya kupima tendo.

Nini hutokea mashine inapopima hata hivyo? Jibu linapatikana katika nyaraka za ndani za Facebook ambazo mfanyakazi wake wa zamani, Frances Haugen, alizitoa nje mwaka 2021, na ambazo gazeti la Washington Post lilizichambua Oktoba mwaka huo. Kuanzia mwaka 2017, mfumo unaopanga posti ulizipa alama za hisia uzito wa mara tano ya laiki ya kawaida. Mantiki ilikuwa kwamba mtu aliyejipa tabu ya kuchagua uso amejali zaidi. Uso wa hasira nao ukapata tano zake. Posti iliyokasirisha watu elfu moja ilisukumwa mbele kama iliyolaikiwa na elfu tano.

Fikiria sasa maana za hasira. Mama anayesoma habari ya mtoto aliyebakwa anabonyeza uso wa hasira, na hasira yake ni kwa mbakaji. Mwalimu anayeona uongo kuhusu chanjo anabonyeza hasira, na yake ni kwa mwongo. Kijana aliyechochewa na posti ya ukabila anabonyeza hasira, na yake ni kwa kabila lililotukanwa. Watu watatu, malengo matatu, na wawili kati yao walikuwa wanapinga. Mfumo ulisoma jambo moja: hii imegusa watu, iwafikie wengi zaidi. Mwalimu aliyetaka uongo ule uzimike ndiye aliyeubeba mabegani na kuupeleka kwa wengine.

Wafanyakazi wa ndani walionya. Mwaka 2018 uzito wa hasira ulishushwa kidogo, hadi mara nne. Mwaka 2019 wachambuzi wa kampuni walithibitisha kwamba posti zilizovuta hasira nyingi zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uongo, matusi na habari duni. Septemba 2020 uzito ukawekwa sifuri, na upendo na huzuni zikapewa laiki mbili. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, watumiaji walianza kuona uongo kidogo zaidi na picha chache za ukatili, na hawakupunguza kutumia mtandao. Yaani kwa miaka mitatu chuki ilisukumwa kwa mabilioni ya watu kwa uzito ambao, ulipoondolewa, haukumpunguzia mwenye mtandao hata matumizi. Siwezi kuliandika hili kwa utulivu.

Nchi zetu haziko nje ya habari hii. Desemba 2022 kesi ilifunguliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya, jijini Nairobi, dhidi ya Meta, inayomiliki Facebook. Mmoja wa walalamikaji ni mtoto wa profesa wa kemia wa Ethiopia aliyeuawa Novemba 2021, wakati wa vita vya Tigray, baada ya posti za kumchafua na kumtaja kusambaa. Walalamikaji wanadai kwamba mfumo wa kupanga posti ulizipa nguvu posti za chuki. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Hukumu ya madai yenyewe ni ya majaji. Lakini ni mara chache sana swali la nini kinasukumwa mbele, na kwa kipimo gani, limewekwa mezani mwa jaji wa Afrika, na kila anayebonyeza kitufe Kisumu au Kigoma anahusika na jibu lake.

Kampuni zimejaribu kutibu kwa kuficha namba. Instagram ilianza kuficha idadi ya laiki kwa majaribio nchini Kanada mwaka 2019, na Mei 2021 ikamwachia kila mtumiaji achague. YouTube iliondoa machoni idadi ya vidole vilivyoelekezwa chini Novemba 2021, ikisema inawakinga watengeneza video wadogo dhidi ya mashambulizi. X iliyafanya siri majina ya waliolaiki mwezi Juni 2024. Hatua hizi zinasaidia kiasi, hasa kwa vijana wadogo. Mwaka 2016 Lauren Sherman na wenzake wa UCLA waliwaweka wabalehe 32 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha picha ambazo idadi ya laiki zake ilikuwa imepangwa na watafiti. Picha ile ile ilipopewa laiki nyingi, wabalehe waliipenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayoshughulika na zawadi ikachangamka wanapoona picha zao wenyewe zimelaikiwa sana. Na si wabalehe peke yao. Leah Pearlman, yule yule aliyesaidia kukizaa kitufe, aliiambia BBC mwaka 2018 kwamba alikuwa amefika mahali pa kupima thamani yake kwa laiki, na amewahi kusimulia kwamba zilipopungua alinunua matangazo ili azipate. Lakini kuficha namba machoni mwa mtazamaji hakuifichi kwa mashine. Mbonyezo bado unapimwa, na bado unaamua nani aone nini.

Nimalizie na ukimya, kwa kuwa ndio unaowaumiza watu wengi kimya kimya. Mtu anaweka picha ya mahafali yake, picha ya duka lake jipya, taarifa ya ugonjwa wa mama yake. Laiki zinakuja saba. Usiku anaanza kuwahesabu waliokaa kimya, jina kwa jina, na kuwatungia sababu: fulani ana wivu, fulani amenisahau, fulani anajiona. Urafiki umevunjika kwa hesabu za namna hiyo. Mwaka 2013 Michael Bernstein wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wa Facebook walipima posti za watumiaji wapatao 222,000 wa mtandao huo. Walikuta kwamba posti ya kawaida iliwafikia kama asilimia 35 tu ya marafiki wa aliyeiweka, na kiwango hicho kilipanda na kushuka sana kutoka posti moja hadi nyingine. Watumiaji walipoulizwa wangekisia wangapi wameiona, makisio yao yalikuwa kama robo ya hesabu halisi. Angalieni pande zote mbili za matokeo hayo. Marafiki wengi hawakuiona kabisa posti unayowalaumu kwa kuinyamazia. Na walioiona ni wengi kuliko unavyodhani, wakakutazama, labda wakakuombea, na hawakubonyeza. Laiki saba haziwezi kukueleza hata moja kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo nawaomba wanaoendesha magrupu ya familia, ya kamati, ya vikoba na ya kazini wafanye jambo moja wiki hii. Andikeni kwenye maelezo ya grupu kwamba kidole gumba kwenu kina maana ya "nimeona" na hakina nyingine. Ahadi ya mchango, kukubali zamu na kuidhinisha matumizi ya fedha vijibiwe kwa maneno na jina. Tangazo la msiba liandikwe pamoja na namba ya simu ya mfiwa au ya mtu aliye naye karibu, ili pole impate mwenyewe. Na wewe uliyeweka uso wa huzuni asubuhi chini ya tangazo la katibu, mpigie mjane leo.